Ufikiaji Huria na Suala la Utendi: Kumsoma Upya Ruth Finnegan

Ni vitabu vichache katika taaluma ya fasihi simulizi vilivyobishiwa sana na kusomwa kidogo kama Oral Literature in Africa cha Ruth Finnegan. Mwandishi huyu ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wa nyanjani miongoni mwa Walimba wa Sierra Leone katika miaka ya 1960, na kitabu chake kilichapishwa na Clarendon Press ya Oxford mnamo 1970. Tangu hapo tasnifu nyingi humtaja kwa sentensi moja tu: kwamba alikana kuwepo kwa utendi barani Afrika. Makala haya yanadai kuwa sentensi hiyo imedumu kwa kuwa wengi walioirudia hawakuwa na kitabu mkononi.

Hali hiyo inaeleweka. Maktaba ikiwa na nakala moja isiyoruhusiwa kutoka nje ya chumba, mwanafunzi hutegemea nukuu za mihadhara, nakala ya kivuli ya sura moja, au muhtasari alioutoa mpinzani wa mwandishi. Isidore Okpewho alipotoa The Epic in Africa mwaka 1979, jibu lake likawa maarufu kuliko hoja iliyojibiwa.

Je, Finnegan alisema nini hasa? Hoja yenyewe imo katika dokezo la kurasa chache mwishoni mwa sura inayohusu washairi na wafadhili wao. Anachodai ni kwamba tungo nyingi zilizoitwa tendi ni za nathari, wala si za kishairi. Kwamba ushairi wa sifa, japo una chembe za utendi, huelemea zaidi kwenye kusifu kuliko kusimulia. Na kwamba katika visa vya Lianja vya Wamongo, haijulikani wazi kama vilikuwa utungo mmoja kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Hii ni hoja ya umbo na ya ushahidi. Mtu anaweza kuipinga, na M. M. Mulokozi, aliyechunguza enanga za Wahaya, ameipinga kwa kina katika The African Epic Controversy (2002). Lakini huwezi kuipinga barabara ukidhani ni tusi tu.

Isitoshe, msomaji wa Kiswahili angekuta humo jambo linalomhusu zaidi. Finnegan anazitenga tendi za Kiswahili kwa maneno machache ya kupitia tu, akizihesabu kuwa zao la athari ya fasihi ya Kiarabu. Hapa ndipo palipostahili ugomvi wetu, maana utungo kama wa Liyongo hauelezeki kwa athari hiyo peke yake. Ajabu ni kwamba dai hili, katika tasnifu nilizowahi kuzisoma, hutajwa kwa nadra mno. Linapotea kwa sababu halikuingia katika muhtasari.

Mnamo 2012 mambo yalibadilika. Kupitia tovuti ya Unglue.it, wasomaji walichanga pesa, lengo likiwa dola 7,500, na Open Book Publishers ya Cambridge ikatoa toleo jipya ambalo yeyote anaweza kulisoma bila malipo, pamoja na picha na sauti zilizorekodiwa nyanjani. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na miaka arubaini na miwili ambayo wasomi wa Kiafrika walibishana na kivuli. Majarida nayo yamefuata mkondo huo. Cultural Anthropology la Marekani lilifunguliwa mwaka 2014.

Hata hivyo, kufungua huku kuna mipaka yake. Kwanza, tungo zilizomo zimetolewa kwa kiasi kikubwa katika tafsiri ya Kiingereza. Msomaji hupewa uchambuzi bure, ilhali maneno ya fanani mwenyewe hayamfikii. Linganisha na The Mwindo Epic (1969), ambamo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha matini ya Kinyanga kando ya tafsiri na kumtaja msimulizi, Candi Rureke. Kitabu hicho kinamwezesha Mnyanga kuwasahihisha waandishi wake. Pili, Mlimba aliyekubali kuimba mbele ya mgeni mwenye kinasasauti miaka ya 1960 hakuulizwa kama sauti yake isikike duniani kote. Wapenzi wa ufikiaji huria hulipita swali hili haraka, pengine kwa kuwa wao huwaza zaidi haki ya msomaji.

Leseni ya toleo la 2012 inaruhusu tafsiri bila kuomba idhini upya, mradi mwandishi atajwe. Idara zetu zina wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada. Dokezo la utendi, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo yanayolijibu dai lile kuhusu tendi zetu, lingetosha kuwa kiambatisho cha tasnifu moja. Kitabu kizima kingehitaji watu watano au sita wenye subira.