Kampuni Ikiondoka, Gemu Inabaki na Nani?

Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast na kujitoa katika biashara ya mashine za gemu. Gemu zake zikahamia kwenye mashine za wapinzani, ikiwamo PlayStation 2 ya Sony. Makala nyingi ninazosoma kuhusu tukio hilo zimeandikwa kama tanzia: kuzaliwa, makosa ya marehemu, waliompenda, buriani. Zinagusa moyo, ila zinachukulia kwamba mashine hufa siku mtengenezaji anapoichoka.

Vibanda vya gemu vya Tabora vinasema vingine. Kufikia mwanzoni mwa 2013 Sony ilikuwa imeacha kutengeneza PlayStation 2, lakini watoto waliendelea kupanga foleni. Lenzi ikichoka, fundi anachomoa ya mashine nyingine mbovu. Diski zikikwaruzika, gemu zinapakiwa kwenye flashi. Konami ilitoa Pro Evolution Soccer 2014 kwa mashine hiyo kisha ikaiacha. Watu wasiojulikana wakaendelea kubadilisha vikosi na kusambaza nakala. Sheria inawaita maharamia. Mhakiki anaweza pia kuwaita wanakili, kama wale waliohifadhi miswada baada ya watunzi kufariki.

Mji huu umewahi kuachwa na biashara kubwa kuliko hiyo. Misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi iliporomoka. Wenye mtaji wakauhamisha. Njia ikabaki na wanaoishi kando yake, pamoja na miembe. Siipambi, ilikuwa njia ya mateso. Ninachosema ni kwamba, msafara ulipokoma, aliyetaka kupita hakuhitaji tena idhini ya mwenye msafara.

Gemu za sasa zinahitaji idhini hiyo. Tarehe 18 Januari 2023 Google ilifunga Stadia, huduma iliyoendesha gemu kwenye kompyuta za kampuni yenyewe na kumpelekea mchezaji picha tu kwa intaneti. Wateja walirudishiwa fedha za vifaa na gemu walizonunua, jambo la kiungwana. Lakini Outcasters, iliyotengenezwa kwa ajili ya Stadia peke yake, ilitoweka siku hiyo. Hapakuwa na lenzi ya kubadilisha wala diski ya kunakili. Fundi hodari kuliko wote asingekuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo uhakiki wa gemu usiishie kwenye uzuri wa picha na utamu wa hadithi. Tuulize pia: mtunzi akiondoka, mchezaji anabaki na nini mkononi? Kwa kipimo hicho, PlayStation 2 yenye pedi iliyofungwa kwa selotepu ni kazi bora kuliko nyingi zinazosifiwa leo. Kijana aliyeinunua anaweza kumwachia mdogo wake. Anayelipia ruhusa ya kucheza hana cha kumrithisha.