Mafundo Mawili ya Kitenge

Uchuuzi wa Baraka hufuata mwezi. Mji huu wa teritwari ya Fizi, mkoani Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa kwenye ghuba ya Ziwa Tanganyika, na mbele yake rasi ya Ubwari inaukinga na mawimbi makubwa. Sehemu kubwa ya biashara yake ya kila siku imesimama juu ya samaki wawili: ndagala, walio wadogo kama kidole, na mikebuka wanaowafukuza na kuwala. Wote huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi hufungwa pamoja, taa zinawashwa, samaki wanaufuata mwanga, na wavu unanyanyuliwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai; leo nyingi ni za betri na za sola. Lakini mwezi ukipevuka, ziwa lote huwa na mwanga na taa ya mvuvi haimwiti samaki tena. Kwa siku kadhaa wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, ndagala huadimika sokoni, na bei hupanda.

Mchuuzi aliyekula pesa yote ya siku za giza huzifikia siku za mbalamwezi akiwa mikono mitupu. Ziwa hulirudia somo hilo kila mwezi, kwa tajiri na kwa fukara. Ndiyo maana mwanamke wa Baraka asiyewahi kukaa darasani hata siku moja huweza kueleza, bila kusita, kwa nini pesa ya leo si ya leo peke yake.

Kazi yenyewe huanza jua halijachomoza nyuma ya Ubwari. Wanawake wamekwisha kusimama majini hadi magotini, kila mmoja na beseni lake, na bei hukatwa mtumbwi ungali unaelea. Mnunuzi mwenye ujuzi hatazami samaki wa juu. Hutumbukiza mkono mpaka chini ya beseni, akavuta wachache, akawatazama tumbo. Tumbo likiwa limepasuka, samaki huyo alivuliwa mapema usiku na ameanza kulegea. Hata akianikwa atakatikakatika, na vumbi la ndagala halina bei nzuri. Hayo yote hufanyika kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, huku wengine wakisukumana nyuma yake. Akikosea hapo, hakuna bidii ya mchana itakayomrudishia hasara.

Kisha huja kuanika. Kilo tatu au nne za ndagala wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu. Wengine huwatandaza mchangani, na wenye uwezo huwatandaza juu ya chanja, ambako hawashiki mchanga na hupata bei nzuri zaidi. Hapo tena mtu hapumziki: samaki hugeuzwa, kunguru hufukuzwa, na macho hayaondoki angani. Katika miezi ya mvua, wingu moja la adhuhuri laweza kuugeuza mzigo wa fedha kuwa mzigo wa kahawia unaonuka, wa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye turubai lake karibu huokoka. Turubai ni gharama, lakini ubahili na uwekevu ni mambo mawili tofauti: mbahili hukataa kununua turubai, mwekevu hulinunua kabla ya sabuni ya harufu.

Jioni, soko likipwaya, hufuata tendo ambalo ndilo kiini cha ufundi huu wote. Mchuuzi hukaa chini, hufungua pindo la kitenge chake na kuhesabu. Pesa iliyonunua mzigo wa asubuhi hurudi kwenye fundo la kwanza, hiyo kwanza kabla ya nyingine yoyote. Kinachobaki huingia kwenye fundo la pili, na ni katika hilo la pili pekee ndimo unga hununuliwa, mafuta ya taa, dawa ya mtoto. Fundo la kwanza ni mtaji. Kulifungua kwa ajili ya chakula huitwa kula mtaji, na sokoni neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini, kama habari ya ugonjwa. Mtu akisema fulani amekula mtaji, wote wanaelewa kwamba kesho hatakuwapo majini na beseni lake.

Nguvu ya mafundo hayo mawili huonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme mtaji ni dola 20, kila mzunguko wa siku nne unaleta faida ya sehemu moja ya kumi, yaani dola 2, na mchuuzi anakula nusu ya faida na kuiongeza nusu nyingine kwenye mtaji. Baada ya mizunguko 15 hivi, kiasi cha miezi miwili ukiacha siku za mbalamwezi, mtaji umepita dola 40. Jirani yake mwenye bidii ileile, anayeamka saa ileile na kula faida yote, bado ana dola 20. Tofauti kati yao ni dola moja kila siku nne. Watu hudhani tajiri wa soko alipata bahati moja kubwa, labda dhahabu ya machimbo ya Misisi au ndugu wa ng'ambo. Wapo wa namna hiyo. Lakini walio wengi walijengwa na dola moja ambayo haikuliwa.

Pesa isilale, husema wachuuzi, na kwa hiyo siku za mwezi mpevu mchuuzi hodari huuhamisha mtaji wake. Hununua mawese katika mabidoni kutoka kwa wenye michikichi, au karanga za nyanda za Fizi, au muhogo mkavu. Vitu hivyo humsubiri mnunuzi, tofauti na samaki. Humo ndimo unapoonekana ufundi mwingine, wa kupima. Bidoni moja la mawese hugawanywa katika chupa, chupa katika vichupa. Mche wa sabuni hukatwa vipande. Chumvi huuzwa kwa kopo, kisha kwa kijiko. Mama asiye na pesa ya kununua chupa nzima hupata mafuta ya chungu cha jioni hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba kwa njia hiyo maskini hulipa zaidi kwa kilo, na ni kweli. Lakini bila mkono huo wa kugawanya, maskini asingepika kabisa, na mkono huo umekaa juani tangu asubuhi. Juu ya fungu huongezwa samaki wawili watatu wa nyongeza. Si sadaka: ndiyo kamba inayomrudisha mnunuzi kesho.

Kuweka pesa kuna taabu yake katika nchi hii. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, zaire 3,000,000 zilipobadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zilipokuwa faranga moja ya Kongo. Vijana nao wameona ya kwao: kati ya 2010 na 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga mia tisa na kitu, na kufikia 2021 ilihitaji karibu 2,000. Aliyezika faranga chini ya kitanda alizika karatasi. Kwa sababu hiyo akiba hukimbizwa kwenye dola, na noti ya dola hutunzwa kama yai, maana iliyochanika kidogo tu hukataliwa. Au hukimbizwa kwenye kitu: mbuzi, gunia la karanga linalongoja bei, bati.

Njia bora kuliko zote bado ni watu. Likelemba, jina lililosambaa Kongo nzima, ndiyo upatu wa Watanzania: kumi wanatoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua chote. Haizai riba hata senti, lakini humpa mtu kwa mkupuo kile ambacho mikononi mwake kingemong'onyoka. Ipo kadi pia, yenye visanduku 31. Mkusanyaji hupita mezani kila siku, hupokea kiasi kilekile na kuweka alama. Mwisho wa mwezi hurudisha yote, akibakiza ya siku moja kuwa ujira wake. Mchuuzi hapo analipa ili atunziwe pesa yake mwenyewe, jambo linaloonekana la ajabu mpaka mtu akumbuke ni ndugu wangapi hujua pesa iko nyumbani. Na siku hizi viko vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, vinavyoitwa AVEC, mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Pesa ya simu nayo, iliyoenea Kongo tangu mwaka 2012, imepunguza hatari ya kusafiri na noti kiunoni.

Hatari hiyo si ndogo. Barabara ya Uvira, yapata kilomita 90, huharibiwa na mito kila masika. Ile ya Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ni mbaya zaidi, ingawa huko chumvi, sabuni na ndagala hupata bei ambayo Baraka haiijui. Na barabarani kuna bariera. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya askari, vya waasi, vya maofisa. Kila kizuizi hukata kipande cha faida. Mchuuzi anayesafiri hujua ni wapi atalipa na kiasi gani, na huiweka gharama hiyo kwenye bei kabla hajafunga mzigo. Ni aibu kwamba ujuzi kama huo unahitajika; hata hivyo ni ujuzi.

Vita viliwavunja wachuuzi wa Fizi mara nyingi. Kuanzia 1996 maelfu walivuka ziwa hadi mkoa wa Kigoma, wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, na wengi walianza upya huko kwa kuuza kikombe cha unga au vijiko vya chumvi vilivyotokana na mgao. Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka. Baadhi walishuka na cherehani, wengine na sufuria za mandazi, wengine na kichwa kilichojua kuhesabu kwa shilingi na kwa faranga. Miaka kumi baadaye Warundi walikimbilia upande huu, kambi ya Lusenda ikafunguliwa, na waliokuwa wakimbizi jana wakawauzia wakimbizi wa leo. Wengi wao walijua jinsi ya kumuuzia mtu asiye na kitu bila kumdharau.

Serikali imewatambua wachuuzi hawa nusunusu. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 inaitaka biashara ndogo iwe na patenti, yaani kibali cha kuuza, na patenti hulipiwa. Kwa mwanamke kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe katika mambo ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa mwezi Julai 2016 tu. Yaani kwa miaka karibu 30 wanawake waliolisha mji walikuwa, mbele ya karatasi, watu wa kuomba ruhusa. Wataalamu nao, tangu Keith Hart alipoandika mwaka 1973 juu ya wahangaikaji wa Accra, wameizoea kazi kama hii kwa jina la sekta isiyo rasmi. Jina hilo halimtendei haki mchuuzi. Kazi yenye saa zake, vipimo vyake, hesabu ya kila jioni na adhabu kali kwa anayekula mtaji ina urasmi wake, na wenyewe hawakuupata kwa mtu.

Utajiri unaotokana na kazi hii hauna kelele. Huonekana kwanza mguuni, kandambili zinapoacha kufungwa kwa uzi. Kisha kwenye karo ya shule, inayolipwa kabla mtoto hajafukuzwa darasani. Kisha juu ya nyumba. Bati hununuliwa moja moja. Tofali huchomwa msimu huu, mlango hununuliwa msimu ujao, na nyumba hukaa miaka bila dirisha huku mwenyewe akiendelea kukaa kwenye meza yake ileile sokoni. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipojaa na kuingia mjini, lilichukua vibanda na nyumba za namna hiyo karibu na ufukwe, kazi ya miaka mingi. Waliobaki na fundo la kwanza waliliweka beseni kichwani wakahamia juu kidogo, wakatandika turubai.

Ufundi huo hurithishwa mezani. Binti akitoka shule hukaa pembeni ya mama yake, na kazi yake ya kwanza ni kupanga mafungu ya ndagala yawe sawa. Macho yakizoea, hupewa kopo. Akishajua kopo, huachiwa kumrudishia mteja chenji, faranga kwa dola, huku mama akijifanya hatazami. Kwenda majini alfajiri na kuingiza mkono chini ya beseni huja baadaye sana, na siku hiyo mama humfungia pindoni pesa yake mwenyewe, kidogo, katika fundo moja. La pili atalifunga mwenyewe jioni.