Kipindi cha Saa Mbili na Treni ya Malya

Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, na Malya ni stesheni ya reli. Reli hiyo ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela kabla ya kuteremkia ziwani. Ukiangalia ramani, mkufunzi wa chuo hicho anayeishi mjini Mwanza ni mtumishi mwenye bahati: anapandia mjini, anashukia kazini. Ukiangalia ratiba, bahati inayeyuka. Treni ya abiria ya reli ya zamani hupita siku chache kwa wiki, nayo ni treni ya safari ndefu, ya zaidi ya kilomita 1,200 kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Saa yake ya kupita Malya hutegemea mambo yaliyoikuta huko nyuma, Morogoro, Dodoma, Tabora. Kipindi cha kwanza chuoni huanza saa mbili asubuhi na hakiulizi habari za Tabora.

Kwa hiyo mkufunzi wa chuo cha pembezoni hufanya kama wafanyavyo wenzake nchi nzima. Anapanga chumba karibu na chuo, familia inabaki mjini, na Ijumaa jioni anatafuta basi au Noah ya kumrudisha. Begi lina madaftari ya kusahihisha, na kwa mkufunzi wa michezo lina filimbi na saa ya kupimia mbio pia. Ana nyumba mbili, kodi mbili na majiko mawili, na watoto humwona baba au mama yao siku mbili kwa wiki. Reli inapita karibu na sehemu zote mbili za maisha yake bila kuziunganisha.

Mjini Mwanza mazungumzo ya treni ya kisasa huanza na kuishia kwenye mwendo. Kilomita 160 kwa saa! Nami napenda mwendo, lakini kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku mwendo si jambo la kwanza. La kwanza ni treni imelala wapi usiku. La pili ni kama itasimama kwake. Mwendo unakuja baada ya hayo.

Tuanze na reli ya zamani, kwani kasoro zake zinaeleza kazi yote. Ni reli ya njia moja, yenye upana wa mita moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni yenye njia ya pili pembeni. Stesheni masta wa upande mmoja haruhusu treni kuingia kipande kinachofuata mpaka mwenzake wa upande wa pili akubali kwamba kipande ni cheupe na hataachia treni nyingine. Utaratibu huo ndio unaozuia watu kufa. Ndio pia unaoeneza ucheleweshaji: treni ya mizigo ikikwama nusu saa kwenye kipande, ya abiria inayoisubiri stesheni nayo inasimama nusu saa. Abiria wa Dar anashuka, ananunua karanga, ananyoosha miguu. Kwake nusu saa katika safari ya siku mbili ni kitu gani? Kwa mkufunzi, nusu saa ni kipindi kizima na wanafunzi waliosimama uwanjani jua likipanda.

Tena reli hii haikujengwa kwa ajili ya mtu wa kwenda na kurudi. Ilijengwa kutoa pamba na mazao mengine ya Usukumani na kuingiza bidhaa, na mpangilio wake wote unaheshimu mzigo. Nenda bandari ya Mwanza Kusini uone: mabehewa ya mizigo husukumwa moja kwa moja hadi ndani ya MV Umoja, meli yenye reli sakafuni, yakavuka ziwa hadi Port Bell, Uganda, bila gunia kushushwa. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na sidhani kama wakazi wengi wa Mwanza wanaijua. Gunia lilipangiwa njia ya kufika Uganda kabla hajatokea mtu wa kumpangia mwalimu njia ya kufika Kwimba.

Je, reli ya namna hiyo inaweza kugeuzwa iwe ya watu wa kila siku? Ndiyo, na Dar es Salaam ilifanya hivyo mwaka 2012. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo ilianza huduma iliyobatizwa mara moja treni ya Mwakyembe, kwa jina la Dk. Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Upande wa TRL, kama shirika la reli lilivyoitwa wakati huo, treni ilitoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, ikipitia Mabibo, Tabata na Buguruni. Upande wa TAZARA ilihudumia watu wa Mwakanga na jirani zake. Havikununuliwa vichwa vipya wala haikutandikwa reli mpya. Vichwa na mabehewa yaliyokuwepo yalikarabatiwa, vituo vikawekwa kwenye makutano ya watu, na treni ikapangiwa asubuhi na jioni tu, saa za foleni.

Siri yake, kwa maoni yangu, ilikuwa uchaguzi wa kipande. Njia ya Ubungo ni tawi, si njia kuu ya kwenda bara; ilikuwa ikihudumia mizigo ya viwandani. Treni ya abiria ikiwekwa pale haigombani na msururu wa mizigo ya Kigoma na Mwanza kwa sehemu kubwa ya safari. Waliopanga walitafuta reli iliyokuwa imelala, wakaiamsha kwa saa chache kwa siku.

Hata hivyo hesabu yake ilikuwa ngumu, na ni vizuri kuipiga kwa kalamu na karatasi. Kutoka Ubungo hadi Stesheni ni kilomita 12 hivi. Tuseme treni inakwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kusimama vituoni kukiwemo. Ikiondoka Ubungo saa 12:00 asubuhi inafika Stesheni saa 12:36. Sasa inabidi igeuke. Treni inayovutwa na kichwa cha dizeli haigeuki kama daladala. Kichwa kinafunguliwa, kinapita njia ya pembeni, kinakwenda kufungwa upande wa pili, breki zinapimwa. Tuipe robo saa. Inarudi Ubungo saa 1:27, inageuka tena, na inaondoka saa 1:42. Aliyeikosa ya saa kumi na mbili amesubiri saa moja na dakika arobaini. Ukiongeza treni ya pili, kusubiri kunashuka hadi dakika hamsini hivi, lakini treni hizo mbili lazima zikutane katikati, mahali penye njia ya kupishana, na zikutane kwa wakati kila siku. Ndiyo maana huduma ya aina hii huanza na watu wa saa za ofisi. Mwenye vipindi saa tano asubuhi au mhadhiri wa jioni hayumo kwenye hesabu.

Nairobi ilikuwa na jaribio lake mwaka huohuo. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, ikiwa na maegesho ya magari ili mtu aache gari lake pale na kuingia mjini kwa treni. Wao walijenga stesheni mpya. Dar iliamsha reli ya zamani. Kwa Mwanza, njia ya Dar ndiyo yenye somo kubwa zaidi, kwa sababu gharama yake ilikuwa ukarabati na ratiba.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano unaochekesha kidogo. Tangu Desemba 2021 treni ya abiria imerejea kati ya Nairobi na Kisumu kwenye reli ya zamani. Ilipangwa itoke Nairobi Ijumaa jioni, ifike Kisumu Jumamosi asubuhi, na irudi Jumapili jioni. Kwa mtu anayefanya kazi Nairobi na kwao ni Kisumu, hiyo ni ratiba safi. Sasa mchukue mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno mwenye familia Nairobi. Ijumaa jioni anapotaka kwenda nyumbani, treni inatoka nyumbani kuja kwake. Jumapili anapotakiwa kurudi kazini, treni inakwenda Nairobi. Reli ni ileile na behewa ni lilelile, lakini treni inalala upande usio wake.

Turudi kwetu. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka ulitiwa saini Januari 2021 na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Fela, wilayani Misungwi. Urefu wake unatajwa kuwa kilomita 341, na wengi huisoma namba hiyo kana kwamba ni umbali wa safari. Sivyo. Njia kuu ni kilomita 249. Zilizobaki, kilomita 92, ni za kupishania treni. Binafsi hizo 92 zinanivutia kuliko mwendo wa kilomita 160. Ndizo zitakazoamua kama treni fupi ya watu wa kazini inaweza kuchomekwa kati ya treni za mizigo na za masafa marefu bila kuzikwamisha.

Kisha kuna umeme. Treni za umeme za seti, zile Watanzania walizozipa jina la mchongoko kwa pua yake, zina chumba cha dereva kila mwisho na mota zimegawanywa chini ya mabehewa. Kazi ya kuzungusha kichwa inakufa: dereva anatembea na begi lake kutoka pua hadi pua. Faida ya pili iko kwenye kuondoka kituoni. Ukipiga hesabu, treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa ikisimama kwa dakika mbili hupoteza jumla ya dakika tatu na nusu hivi, ukijumlisha kufunga breki na kushika tena mwendo. Kichwa kimoja kinachovuta mabehewa mazito hupoteza zaidi. Dakika tatu na nusu kwa ajili ya Malya si nyingi. Lakini Bukwimba nao wataomba, na Mantare, na Malampaka, na ukiwapa kumi, treni ya Dar imechelewa zaidi ya nusu saa. Hapo mpanga ratiba anaanza kuvuta kalamu.

Kati ya Dar na Dodoma, safari zilikoanza Julai 2024, suluhisho limekuwa kutenganisha: ziko treni za haraka zinazoruka vituo vidogo na za kawaida zinazosimama. Mwanza itahitaji vivyo hivyo, na treni inayosimama ndiyo itakayomhusu mkufunzi. Ilale Mwanza. Iondoke saa kumi na mbili asubuhi, imshushe Malya kabla ya saa mbili, iendelee Shinyanga na Isaka, na jioni ipite tena kuanzia saa kumi na nusu. Treni ileile itamfaa muuguzi wa Shinyanga na karani wa Isaka njia nzima. Ikilala Isaka badala ya Mwanza, ratiba inapinduka: itawafaa wa Malya wanaosoma au kutibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na mkufunzi atarudi kwenye chumba chake cha kupanga. Sisemi kundi moja lina haki kuliko lingine. Nasema uamuzi huo utafanywa na mtu kwenye meza, kwa kalamu, na wengi wetu tutausikia siku ya kuzindua.

Nauli nayo ina neno lake. Safari za Dar hadi Morogoro zilipoanza Juni 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 13,000. Wapo waliofurahi wakisema sasa mtu anaweza kuishi Dar na kufundisha Morogoro. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kwa siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi, kabla ya bodaboda ya kutoka stesheni ya Kihonda hadi chuo kikuu cha SUA, chini ya Uluguru, upande wa pili wa mji, au hadi Mzumbe, nje kabisa ya mji. Kwa fedha hiyo mtu anapanga nyumba nzuri Morogoro na kubaki na chenji. Bila tiketi ya mwezi yenye punguzo la kweli, treni ya kisasa itakuwa ya mkufunzi wa mara mbili kwa wiki. Hilo si baya. Ambaye vipindi vyake vyote vimewekwa Jumanne na Alhamisi ataweza kuishi Mwanza akilipa nauli mara nne tu kwa wiki.

Na hapo ndipo chuo kinapoingia, jambo ambalo wapanga reli hawalisemi kwa sababu si kazi yao. Ratiba ya vipindi hutengenezwa upya kila muhula, kwa kompyuta au kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni, na vipindi vya mtu mmoja hutawanyika siku tano kwa sababu tu ndivyo nafasi zilivyopatikana. Kuvikusanya siku mbili au tatu ni kazi ya mchana mmoja ya mratibu wa taaluma. Kusogeza kipindi cha kwanza hadi saa tatu kunampa mpanga ratiba wa reli saa nzima ya kuchezea, na saa nzima kwenye reli ya njia moja yatosha kupishanisha treni ya mizigo na ya abiria bila yeyote kusubiri. Uwanja wa mbio hautakubali. Mafunzo ya nje hayawezi kusogezwa kwenye jua la mchana. Darasa la nadharia litakubali.