Kudhibiti uanuwai ni kudhibiti nini?

Wiki mbili zilizopita nililetewa tasnifu ya uzamili niitahini. Mada yake: kudhibiti uanuwai wa kitamaduni katika biashara za kimataifa. Mwandishi ni kijana makini, Kiswahili chake safi, na marejeleo yake ni mengi kuliko umri wake. Niliisomea Takawiri, kile kisiwa kidogo cha Homa Bay ambacho unakifikia kwa boti kutoka Mbita ukielekea Mfangano. Nilikuwa nimekwenda kupumzika, lakini sisi walimu mapumziko yetu ni kubeba kazi na kuifanyia mahali penye upepo. Aisee, nilikosea mahali. Kisiwa kilianza kubishana na tasnifu tangu ukurasa wa kwanza.

Tuanze na lile neno la kichwani, kudhibiti. Hebu msomaji jiulize, sisi hudhibiti nini? Tunadhibiti moto, malaria, magendo, mashabiki wenye hasira uwanjani. Ukilisikia neno hili unajua kuna kitu kinachotaka kuponyoka. Mwandishi alikuwa akitafsiri neno la Kiingereza lililo pana, linalobeba kusimamia, kuendesha na hata kumudu. Kati ya yote akachagua kali. Basi uanuwai, yaani hali ya kuwa aina aina, ukajikuta foleni moja na malaria.

Mtu ataniambia, Profesa, hayo ni maneno tu. La hasha. Ukisema kudhibiti umeshasema kuna mdhibiti na kuna mdhibitiwa. Katika tasnifu ile mdhibiti ni meneja aliyetoka ng'ambo, na utamaduni ni kitu walicho nacho wafanyakazi wake. Yeye mwenyewe hana utamaduni. Ana mkakati.

Asubuhi moja niliteremka ufuoni. Ufuo ndivyo tusemavyo Kenya; mvuvi wa Mwanza au Musoma atakuambia mwalo. Palikuwa na mama mmoja wa makamo akipanga samaki karibu na mizani, nikamwuliza yule mkubwa anaitwaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la jua.

“Mwalimu, inategemea nani anauliza. Mimi nasema mbuta. Mganda akikuja namwambia mputa. Mtanzania, sangara.”

“Na bei, Mama?”

“Bei haina kabila.”

Vivyo hivyo omena, ambaye ni dagaa kusini na mukene magharibi. Ngege akivuka mpaka wa Tanzania anaitwa sato. Mama yule hajasoma kozi ya mawasiliano baina ya tamaduni, lakini katika sentensi moja alikuwa ameshughulikia nchi tatu. Sisemi kwamba ufuoni kuna amani ya peponi. Kule Migingo, upande wa Migori, mwamba usiotimia hata ekari moja uliwatia Kenya na Uganda kwenye mvutano mkali mwaka wa 2009, mpaka bendera na askari vikawa habari za kila siku. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo mvuvi wetu akifuata samaki haendi mbali kabla hajaingia kwa jirani. Ugomvi upo. Lakini tasnifu inaeleza ugomvi kama tunda la tofauti za kitamaduni, na Migingo watu waligombania ushuru, nyavu na mstari wa ramani.

Nguzo ya tasnifu ni Geert Hofstede, Mholanzi aliyekusanya hojaji zaidi ya laki moja za wafanyakazi wa IBM, kati ya 1967 na 1973, akatoa kitabu kikubwa mwaka wa 1980. Simdharau. Alithubutu kupima kitu ambacho wengine walikuwa wakikisimulia tu. Ila tazama alivyotupima sisi. Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia alizifunga furushi moja, akaliita Afrika Mashariki, na kulipa alama moja. Mwamhara wa Gondar na Mjaluo wa Takawiri wakawa mtu mmoja. Uganda haimo kabisa. Yaani yule Mganda wa mputa hana utamaduni hata wa kukosewa. Brendan McSweeney aliuliza mwaka wa 2002 vipi wafanyakazi wa kampuni moja wawakilishe mataifa. Mwanafunzi wangu anamtaja McSweeney katika aya moja, kisha anaendelea na safari kana kwamba hajamsikia.

Sasa kuna kipimo kimoja cha Hofstede ambacho Marekani ilipata 91 na furushi letu 27. Tasnifu inakiita ubinafsi. Bwana wee! Katika Kiswahili ubinafsi ni tabia ya mtu anayekula peke yake mlango umefungwa. Hofstede alimaanisha jamii ambamo mtu hujitambulisha kwanza kwa nafsi yake kabla ya ukoo wake, wala hakumaanisha uchoyo. Kwa tafsiri ile Wamarekani wote wametukanwa ukurasa mzima na sisi tukasifiwa bila kazi. Umimi na usisi yangefaa zaidi, hata kama yanasikika kama michezo ya watoto.

Lakini kinachoniuma zaidi kiko katika sura ya elimu, inayopita haraka mno. Mwandishi anapongeza sera ya lugha ya kwanza shuleni, ile iliyopendekezwa na Kamati ya Gachathi mwaka wa 1976: madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Anaitaja kama mfano mwema wa kuheshimu tofauti. Njoo basi Takawiri na Mfangano. Lugha ya eneo ni ipi? Utajibiwa Dholuo. Ndivyo, watoto wanaongea Dholuo. Lakini hapa ni kwa Abasuba, Wabantu ambao masimulizi yao yanawatoa upande wa Uganda, na ambao kwa vizazi kadhaa wamehamia Dholuo kwa ndoa, kwa soko, na kwa shule pia. Mtoto anafundishwa Dholuo kama lugha ya mama ilhali bibi yake akiota ndoto anaota kwa Kisuba.

Kosa hili ni lile lile la Hofstede. Unachukua eneo, unaliwekea utamaduni mmoja, halafu aliye ndani ya eneo anatoweka. Tofauti ni kwamba la Hofstede linakaa kitabuni, na hili linakaa darasani kila Jumatatu asubuhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataka serikali ikuze uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Inasema kukuza. Waliotafsiri na kuandika Katiba hawakuandika kudhibiti, na mwanafunzi wangu angeanzia hapo.

Tasnifu sijaianguka wala sijaipitisha. Nimeirudisha na maneno mawili yamezungushiwa wino mwekundu, kudhibiti na ubinafsi, na sura ya elimu nimeiomba iandikwe upya. Kijana amenipigia simu akiuliza atapata wapi data kuhusu Kisuba shuleni, kwa maana maktabani hakuipata. Nimemwambia apande boti Mbita, ashuke Takawiri, amtafute kwanza yule mama wa mizani. Halafu amwombe ampeleke kwa mamake.