Achari, Kofia na Shosho: Kuitazama Tena Crossing Delancey

Ukimwuliza mtu aliyeipenda Crossing Delancey anakumbuka nini, hatakusimulia hadithi. Atakutajia mapipa ya matango ya achari. Atakutajia mikono ya Sam, ambayo huilowesha kwenye maziwa na vanila ili isinuke siki. Atakutajia kofia, halafu atacheka na kusema, "Na yule shosho!" Nimewasikia watu wa rika langu hapa Nairobi, ambao hata New York hawajafika, wakiizungumzia kama mtaa waliowahi kupanga nyumba.

Filamu hii ya Joan Micklin Silver ilitoka mwaka wa 1988, kutokana na tamthilia ya Susan Sandler. Izzy Grossman, anayeigizwa na Amy Irving, ana miaka 33. Anafanya kazi kwenye duka la vitabu, anapanga hafla za waandishi, anaishi peke yake sehemu ya juu ya Manhattan, na anajiona amefika. Kila mara hushuka Lower East Side kumwona nyanya yake, Bubbie. Kumbe huku nyuma Bubbie ameshazungumza na mshenga, Hannah Mandelbaum, mama mmoja anayekula huku akiongea na kuongea huku akila. Mshenga analeta picha na jina: Sam Posner, muuza achari. Izzy anashtuka. Ati muuza achari? Moyo wake uko kwa Anton Maes, mwandishi mwenye sauti laini anayemtazama kana kwamba duka zima halina mtu mwingine.

Tukio ninalolipenda zaidi halina mwanamume hata mmoja. Izzy ameshika kibano, anamng'oa nyanya yake ndevu za kidevuni, moja moja, huku wakibishana kuhusu ndoa. Hapo ndipo filamu inaeleza kila kitu kuhusu hawa wawili: nani anamtunza nani, nani anaruhusiwa kumgusa nani usoni. Reizl Bozyk, anayeigiza Bubbie, alitoka kwenye jukwaa la tamthilia za Kiyidishi, na inaonekana. Anajua kungoja watazamaji wamalize kucheka kabla ya kusema neno linalofuata. Ukimtazama unasahau kwamba Bubbie mwenyewe anaishi peke yake, ana raha zake, ana dirisha lake, na hakuna anayemletea mshenga.

Ukiwa na kumbukumbu tamu za filamu hii, utakuwa umeusahau mtaa wenyewe. Kati ya mwaka wa 1880 na 1924, Marekani ilipobana mlango kwa sheria ya uhamiaji, Wayahudi wapatao milioni mbili waliingia nchini humo kutoka Ulaya Mashariki, na wengi walianzia Lower East Side, familia nzima kwenye vyumba viwili vitatu vya giza. Aliyepata hela alihama. Kufikia 1988, Wayahudi waliobaki pale wengi walikuwa wazee, na majirani zao walikuwa Wapuerto Riko na Wachina. Silver halifichi hilo. Anatuonyesha wazee wakifundishwa kujihami, Bubbie akiwemo, akirusha teke kwa furaha. Tunacheka, lakini mtu hajifunzi kurusha teke kwenye mtaa ambao ni peponi.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Filamu imepanga mchezo. Anton amefanywa mbaya kiasi kwamba uamuzi wa Izzy haumgharimu kitu: usiku anaodhani anapendwa, inagundulika jamaa anataka msaidizi wa kumpangia kazi zake. Kwani hakuna mwandishi hata mmoja mwenye adabu New York nzima? Sam naye ni mtu mwema mwenye subira, anasoma, anatania, anampa zawadi ya kofia ili ajaribu kujiona kwa namna nyingine. Peter Riegert anamwigiza kwa utulivu mno hadi huwezi kumchukia. Lakini ukimweka mwema upande mmoja na mpuuzi upande wa pili, hujamwachia mwanamke chochote cha kuchagua.

Ndiyo maana huwa nawaambia marafiki waitazame pamoja na Hester Street, filamu ya kwanza ndefu ya Silver huyohuyo, ya 1975. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, sehemu kubwa ni Kiyidishi, na iko mtaa uleule, mwaka wa 1896. Gitl, anayeigizwa na Carol Kane, anafika kutoka kijijini akiwa amefunika nywele zake, anamkuta mumewe Jake amegeuka Mmarekani na anamwonea haya. Jake anataka talaka. Wakili anakuja na pesa. Gitl ananyamaza. Wakili anaongeza. Gitl bado kimya. Kimya hicho ndicho silaha yangu niipendayo katika sinema yote. Anatoka na pesa mkononi, na anaondoka na mwanamume wa vitabu, Bernstein.

Umeona? Mwaka wa 1975 Silver anampa mwanamke wa mtaa mtu wa vitabu. Mwaka wa 1988 anamtoa mwanamke kwenye vitabu na kumrudisha kwa mtu wa mapipa. Mimi sina shida na mapipa. Shida yangu ni kwamba Gitl alijipigia bei mwenyewe, akiwa hajui hata Kiingereza, ilhali Izzy, pamoja na elimu yake yote, mazungumzo ya bei yalifanywa na wengine jikoni.

Bado nitaitazama tena, na nitacheka palepale. Lakini siku hizi dakika za mwisho nazitazama tofauti. Izzy anafika kwa nyanya yake usiku, amechelewa vibaya. Bubbie amelala kwenye kochi, Sam anaonekana ameshaenda zake, na Izzy analia. Kisha Sam anaingia kutoka kibarazani, wanapatana, na Bubbie anaamka akijifanya amechanganyikiwa, hajui ni saa ngapi wala kumetokea nini. Watu wote chumbani mle wanajua anajua.