RAM Nzima, Ubao Mama Mzima, Skrini Nyeusi

Dell OptiPlex 780 ilitoka mwaka 2009, na bado utaikuta inachapa kazi kwenye steshenari na ofisi ndogo. Ikianza kujivuta, dawa ya kwanza inayotajwa ni kuongeza RAM, na mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Mashine ninayoichambua hapa ilikuwa na vipande viwili vya GB 2. Mwenyewe akanunua vipande viwili vya GB 4, vya DDR3 kama vile vya zamani. Vikaingia kwenye nafasi zilizobaki wazi, vibanio vikafunga vyenyewe. Alipowasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Fundi wa kwanza aliyeitazama alisema ubao mama umeungua. Hukumu za namna hii huniudhi, kwa sababu humtoa mtu fedha ya mashine nzima kabla ya jaribio la dakika chache. Jaribio lenyewe ni hili: chomoa vipande vipya, bakiza vya zamani, washa. Ikawaka. Kisha vile vipya vikachomekwa kwenye OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012, nayo ikavisoma vyote, GB 8 kamili. Kwa hiyo ubao mama ni mzima, na RAM ni nzima. Kilichoshindikana ni hivi viwili kuelewana, na sababu ilikuwa imeandikwa kwenye lebo ya RAM: 4GB 1Rx8 PC3-12800U.

PC3 ni DDR3. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, yaani uhamishaji milioni 1,600 mara baiti 8. Wengi hushuku namba hii kwanza, lakini RAM yenye kasi kubwa hupunguza mwendo ikafuata wa mashine. 780 ingeiendesha kwa 1,066 na kazi ingeendelea. U ya mwisho inaonyesha ni RAM ya kompyuta ya kawaida. Ingekuwa R, ingekuwa ya seva: ina chipu ya ziada ya kupokea amri, inaingia kwenye nafasi ile ile ya pini 240, na kompyuta ya mezani ya aina hii haiwezi kuitumia hata kidogo. Ni vizuri kuikumbuka herufi hiyo, maana RAM za seva zilizokwishatumika huuzwa kwa bei ya kuvutia.

Kiini cha tatizo kilikuwa 1Rx8. Njia ya data kwenye kipande cha RAM ina upana wa biti 64. Chipu ya x8 hutoa biti 8 kwa mpigo, hivyo chipu 8 zinaijaza njia yote, na kundi hilo moja ndilo 1R. Ili chipu 8 zifikishe GB 4, kila moja lazima ibebe gigabiti 4. Kipande cha 2Rx8 hufikisha GB 4 zile zile kwa njia nyingine: chipu 16 za gigabiti 2, makundi mawili. Dukani vyote viwili huitwa GB 4 za DDR3.

Kwa mashine, tofauti ni kubwa. Data ndani ya chipu hutafutwa kwa kutaja benki, mstari na safuwima. Chipu ya x8 ya gigabiti 2 ina mistari 32,768 katika kila benki, na anwani ya biti 15 inatosha kuifikia yote. Ya gigabiti 4 ina mistari 65,536, inayohitaji biti 16. Chipu ya Intel Q45 inayoongoza kumbukumbu kwenye 780 ina nyaya 15 za anwani, A0 hadi A14. Waya wa kumi na sita haukuwekwa tangu kiwandani. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaouongeza, wala kubadili prosesa hakusaidii, kwa sababu katika kizazi hicho kidhibiti cha kumbukumbu kiko kwenye ubao mama, nje ya prosesa.

Mafundi wenye uzoefu huhesabu chipu: zikiwa 16, wanachukua. Ni kanuni nzuri yenye tundu moja. Kuna kipande cha GB 4 chenye chipu 16 ambacho lebo yake ni 1Rx4. Humo kila chipu hutoa biti 4 tu, na zote 16 ni kundi moja. Chipu hizo zinataka safuwima 2,048 pale ambapo x8 ina 1,024, na Q45 haizikubali. RAM hizo ndizo huuzwa kwa jina la RAM za AMD, kwa bei ya chini. Kwa macho huwezi kuzitenga kwa urahisi. Lebo ndiyo inayosema, na iliyobanduliwa lebo mimi siinunui.

Vipande vikabadilishwa kwa vingine vya 2Rx8 PC3-10600U. Mashine ikawaka na BIOS ikasoma GB 12. Programu ya Memtest86+ ikaachwa ikipima usiku kucha, hatua ambayo haifai kurukwa kwenye RAM iliyokwishatumika, kwa sababu kosa moja la kumbukumbu linaweza kuharibu faili bila kuzima kompyuta.

Windows ilipofunguka ilionyesha GB 12 zimewekwa, lakini zinazotumika hazikufika 4. Toleo lililokuwamo lilikuwa la biti 32. Anwani za biti 32 ni 4,294,967,296, yaani GB 4, na sehemu yake huchukuliwa na vifaa kama kadi ya picha. Prosesa ya Core 2 Duo iliyomo inakubali biti 64, kwa hiyo mafaili yalihifadhiwa pembeni, Windows ya biti 64 ikawekwa upya, na GB 12 zikaanza kufanya kazi.

Hata DDR5 ina mkasa wa jamii hii. Vipande vya GB 24 na 48 vilipofika sokoni mwaka 2023, vikiwa na chipu za gigabiti 24, mbao mama nyingi zilizokwishauzwa hazikuvitambua. Huko nyaya zilikuwapo. Kilichopungua ni programu, na toleo jipya la BIOS likatosha. Mwenye mashine ya namna hiyo asasishe BIOS akiwa bado na RAM ya zamani, kabla ya kuchomeka mpya, kwa sababu skrini ikishakuwa nyeusi, mbao mama nyingi hazitampa pa kuanzia.