Masega Hayakuwa na Kosa

Kuna video ya fundi anayekata masega, yaani katalisti ya ekzosi, ya Toyota yenye injini ya 1NZ; wengi mmeshaiona, kwa hiyo sitaisimulia yote. Naenda moja kwa moja kwenye dakika ile anaposema "masega yamekufa" na kuchukua grainda. Alikosea, na ushahidi ulikuwa kwenye skrini aliyoishika mwenyewe.

Rudisheni nyuma kidogo, msimamishe pale mashine ya kupimia inapoonyesha laivu data. Kodi ya P0420, ile ya katalisti kutofanya kazi vya kutosha, ipo, sawa. Mstari wa sensa ya oksijeni ya nyuma unapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.8, naye anaugonga kwa kidole kana kwamba kesi imekwisha. Teremsheni macho: joto la maji, nyuzi 52. Injini bado baridi! Masega hayaanzi kazi sawasawa mpaka yakaribie nyuzi 300, na huyapimi kwenye gari lililowashwa sasa hivi. Unaliacha lipate moto, unashikilia resi kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili tatu, ndipo unatazama sensa ya nyuma. Ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, masega ni mazima.

Halafu kuna fyueli trimu ya muda mrefu: +17. Hapo ndipo niliposimamisha video. Kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 17 kwa sababu sensa ya mbele inaiambia hewa imezidi. Masega yaliyochoka hayaleti namba hiyo, kwani yako nyuma ya sensa ile. Tafuta hewa inayoingia isikotakiwa, au petroli isiyofika ya kutosha. Na kamera yake, bila yeye kukusudia, imepita juu ya manifoldi ya ekzosi: kuna masizi meusi yametambaa kutoka kwenye gasketi mpaka kwenye bolti. Moshi unavuja pale, na kati ya pigo moja na jingine hewa ya nje inavutwa ndani. Hewa hiyo inaidanganya sensa ya mbele, na inaweza kuivuruga ya nyuma pia. Gasketi moja!

Nimpe haki yake: plagi alizofunga ni sahihi, na kuchomelea kwake ni safi.

Nimelisema hili miaka mingi na sichoki: P0420 ni taarifa kwamba kipimo kimefeli, sababu unaitafuta wewe. Wauza sensa nao wamo kwenye lawama, maana kila anayefika na kodi hiyo anaondoka na sensa mpya ya nyuma. Na wale wanaodai masega "yanabana nguvu" wangefungua sensa ya mbele, wafunge geji kwenye tundu lake wapime. Kwenye mizunguko 2,500 shinikizo lisipofika psi 3, hakuna kilichoziba. Ila masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Mwenye gari angeuliza vipande vyake vilikwenda wapi.

Carl Keith na John Mooney waliohangaika na katalisti hii miaka ya 1970 walijua haiwezi kufanya kazi bila mchanganyiko sahihi, hewa 14.7 kwa petroli moja. Mafundi wetu wa Peugeot 504 walilijua jambo hilo kwa njia yao, wakati hakuna mashine. Walisoma rangi ya plagi. Waliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, injini ikinguruma, wakainama kusikiliza inapofyonya. Kwa gari hili kitambaa kile kingetosha.

Badala yake tumeonyeshwa kipande cha chuma kilichoisogeza sensa ya nyuma nje ya moshi, kodi imefutwa, taa imezimika, watu wanapiga makofi. Ukifuta kodi taa lazima izimike. Kwa kawaida kompyuta huiwasha tena kwa P0420 baada ya kipimo kufeli kwenye safari mbili mfululizo, na video inaisha gari likiwa bado juu ya jeki.